Ziara ya Livia mjini Roma: kampuni nyota mbili, mama mwenyewe tano

Nianze na bei, wenye haraka waondoke mapema. Yuro 89 kwa kichwa, ziara ya kuongozwa ya kutwa nzima, kwenye tangazo wanakwambia utafuata nyayo za Livia mke wa Kaisari Augustus kuanzia kilima cha Palatino mpaka makumbusho ya Palazzo Massimo, na kuonja mvinyo wa malkia humo humo. Nyota mbili. Moja ni ya dada aliyetuongoza, alikuwa na sauti ya kusikika na alitungoja sisi wenye viatu vibaya bila kununa, ya pili ni kwa vile bila wao labda nisingefika Palazzo Massimo kabisa. Jina la kampuni silitaji, ziko nyingi zinauza ziara hiyo hiyo kwa picha zile zile, kwahiyo haya ninayoandika yachukue ukamkague yeyote unayetaka kumpa hela yako. Na bei siyo iliyoniudhi sana. Nilichochukia ni kwamba wamemchukua mwanamke aliyeishi miaka 86, akawa mke wa mtawala zaidi ya miaka 50 na mama wa mtawala karibu miaka 15, halafu maisha yake yote wakayabana kwenye neno moja, sumu.

Kama Livia humjui, msomaji wa Biblia ushakutana na watu wake bila kujua. Luka sura ya 2, Kaisari Augusto anatoa amri watu wote waandikwe, Yusufu na Mariamu wanafunga safari kwenda Bethlehemu, basi huyo Kaisari ndio mumewe. Geuza ukurasa, sura ya 3, Yohana anaanza kuhubiri mwaka wa 15 wa Kaisari Tiberio, huyo ni mwanawe wa kumzaa, na bibi yetu ama alikuwa bado hai ama ndio kwanza amezikwa maana alifariki mwaka 29 BK. Claudius ni mjukuu wake, Caligula kitukuu, Nero kilembwe. Yaani Makaisari watano wa kwanza, mmoja mume na wanne wametoka tumboni mwake, na hapo Augustus mwenyewe hakuzaa naye mtoto hata mmoja aliyeishi, ni mimba moja tu iliyoharibika kabla ya wakati.

Tulikutana asubuhi karibu na Colosseo, mimi na wifi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, wakatugawia vile vidude vya kusikilizia vya masikioni, changu kikawa kinakoroma tu. Sentensi ya kwanza ya yule dada, hata hatujavuka geti, leo mtamjua mwanamke aliyemaliza ukoo mzima ili mwanawe atawale. Watu wakacheka, simu zikatoka. Wifi akaniegemea, "Wifi, kumbe tumelipa kuja kusikiliza kesi?" Nikamwambia tulia kwanza mama, labda utetezi utakuja baadaye. Haukuja.

Nyumba inayoitwa ya Livia iko juu pale Palatino, ilifukuliwa mwaka 1869, na wanasema ni ya kwake kwa sababu ya bomba la maji lililokutwa limeandikwa IVLIAE AVG, Julia Augusta, jina alilolipata uzeeni mumewe alipomwingiza kwenye ukoo wake kwa wosia. Mimi nilitegemea tutaingia. Hatukuingia. Tiketi waliyotukatia ilikuwa ile ya kawaida, na nyumba hiyo inataka tiketi ya aina nyingine inayoitwa SUPER, tofauti yake ni yuro chache tu, kwahiyo tukasimama nje juani tukahadithiwa picha zilizoko ndani. Nilipouliza mbona tangazo limesema nyumba ya Livia ipo kwenye ziara, nikajibiwa tangazo limesema mtaiona, halijasema mtaingia. Haya.

Kwa kuwa naishi huku huku Italia nilirudi siku nyingine na tiketi ya SUPER yangu mwenyewe. Unashuka kidogo kama unaingia chini ya ardhi, unakuta vyumba vya pembeni mwa kiwanja, na kuta bado zina rangi. Kuna picha ya hadithi ya miungu yao, binti Io amekaa analindwa na Argus, na mungu Mercurius anakuja kwa kunyata kumwokoa. Chumba cha pembeni ndio kilinikamata zaidi, mashada ya majani na matunda yamening'inizwa kati ya nguzo za kuchorwa, na juu yake mstari mrefu wa rangi ya njano tupu wenye vijumba na vijitu vidogo vidogo wanaendelea na shughuli zao, ukitaka kuwaona lazima ukodoe. Na nyumba yenyewe siyo kubwa hivyo. Mume anatawala kutoka Hispania mpaka Shamu, wao wanakaa nyumba ambayo tajiri wa kawaida wa Roma angeona ya kawaida. Hiyo ilikuwa sera, Augustus alitaka watu waamini kwamba yeye siyo mfalme, ni raia tu wa kwanza, alikuwa anavaa nguo zilizofumwa na wanawake wa nyumbani kwake na kuhakikisha kila mtu anajua. Sasa kwenye maigizo kama hayo fikiria mzigo ulimwangukia nani. Mke ndiye anayetakiwa aonekane anasokota sufu kama bibi wa kale, asipendeze kupita kiasi, asichafue jina, na kwa miaka hamsini na kitu hakuna adui aliyempata na kashfa ya mwanaume. Hata wanaomsema vibaya hapo wananyamaza.

Ujana wake yule dada aliupitia kwa sentensi mbili, wakati ndio sehemu ya kukalia. Livia kazaliwa 30 Januari mwaka 58 KK, ukoo wa Claudii, wenye majivuno yao. Akaolewa bado binti mdogo na mtu wa ukoo huo huo, Tiberius Claudius Nero. Mwaka 42 KK baba yake akapigana upande wa waliomuua Julius Caesar, wakashindwa Filipi, Filipi hiyo hiyo ya waraka wa Paulo, mzee akajiua. Mwezi Novemba mwaka huo huo Livia anajifungua mtoto wa kwanza, Tiberius. Halafu mumewe naye akachagua upande mbaya, akampinga yule kijana Octavian ambaye baadaye ndio ataitwa Augustus, mji wa Perusia ukaanguka, ikawa kukimbia. Napoli wanajificha wakitafuta meli, mtoto analia mpaka nusura awakamatishe, mara mbili. Wakafika Sicilia, wakavuka Ugiriki, wakakaa Sparta, na walipokuwa wanatoka huko usiku moto wa msituni ukawazingira ukamuunguza Livia nywele na nguo. Hata miaka 20 hajafikisha. Yaani anayemkimbia ndiye atakayemuoa, nani angeweza kulitunga hili.

Msamaha ukatoka mwaka 39 KK, wakarudi Roma. Octavian akamwona, akapagawa. Tatizo dogo, Livia ni mke wa mtu na ana mimba ya mtoto wa pili, na Octavian naye ana mke, Scribonia, mjamzito pia. Scribonia akaachwa siku ile ile aliyojifungua binti, Julia, siku ile ile jamani. Mume wa Livia akaombwa amwache, na kwa hali ya siasa ilivyokuwa sidhani kama lilikuwa ombi. Harusi ikafungwa 17 Januari mwaka 38 KK na mume wa zamani ndiye aliyemkabidhi bibi harusi, kama baba. Kwenye karamu katoto kamoja ka kitumwa, vile vitoto vilivyokuwa vinafugwa majumbani kwa kuchekesha wageni, kakamwona Livia amekaa na Octavian kakamwambia bibi unafanya nini huku, mumeo si yule pale? Miezi mitatu baadaye akazaliwa Drusus, mji mzima ukawa na msemo kwamba wenye bahati huzaa watoto wa miezi mitatu.

Nilimhadithia wifi haya tukiwa tumekaa kwenye ngazi tunasubiri wenzetu wapige picha. Akanyamaza, halafu, "Huyo mume wa kwanza alikaa mpaka karamu ikaisha?" Alikaa wifi. "Na akala?" Bila shaka akala. Wifi akatikisa kichwa, akasema hapo kuna mtu aliogopa kufa, siyo mapenzi hayo. Na mimi nadhani wifi alimwelewa Livia vizuri kuliko tulivyoelekezwa siku nzima. Binti wa miaka 19 hivi ambaye baba kafa, mali hazina uhakika, mume dhaifu, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, anayemtaka ni mshindi wa vita. Alichagua? Alichaguliwa? Ndoa ilidumu miaka 51 lakini mwanzo wake ulikuwa huo.

Sasa sumu. Orodha iko hivi, na kwenye ziara tumeisikia kila kituo. Marcellus mpwa wa Augustus kafa mwaka 23 KK kwa ugonjwa, Livia. Lucius mjukuu wa Augustus kafa Massilia mwaka 2 BK, Livia. Gaius kaka yake kafa Lycia mwaka 4 BK kwa jeraha la vita, Livia. Agrippa Postumus kauawa uhamishoni mwaka 14 BK mara tu babu alipofumba macho, Livia. Augustus mwenyewe, Livia, kapaka sumu tini zikiwa bado mtini. Hebu tulia uangalie. Mwaka 23 KK kulikuwa na maradhi mjini watu wengi wanakufa. Massilia ndio Marseille ya leo, Lycia iko Uturuki ya leo, na bibi yuko Roma, na sumu ya zamani haikuwa inatumwa kwa posta. Postumus kweli aliuawa, mikono ya mtu ina damu, ila amri ilitoka kwa nani, kwa Tiberius, kwa Livia au kwa marehemu mwenyewe kabla hajafa, hata watu wa wakati ule walibishana. Na Augustus alikuwa amebakiza mwezi mmoja afikishe miaka 76, mgonjwa mgonjwa maisha yake yote, alikufa Nola tarehe 19 Agosti akiwa anambusu huyo huyo Livia na kumwambia aishi akiikumbuka ndoa yao.

Ile ya tini inatoka kwa mwanahistoria Cassius Dio, kaandika miaka karibu 200 baadaye, na hata yeye anaileta kama tetesi. Mwanahistoria mwingine, Tacitus, kaandika miaka kama 100 baadaye, na yeye ndiye aliyemwita mama mzito kwa taifa na mama wa kambo mzito kwa nyumba ya Makaisari. Mama wa kambo, unaona. Hadithi zetu za jioni na hadithi zao hapo zimekutana, mtoto wa mume akikohoa tu basi jibu lishapatikana. Nilimwuliza yule dada kama anaamini ya tini, akanijibu kwa upole kabisa, signora, wageni ndicho wanachokuja kusikia. Sawa, ila sisi wawili hatukuja kwa hilo na hela mlichukua.

Ara Pacis, madhabahu ya amani, ilikuwa kituo kizuri na hapa sina malalamiko isipokuwa haraka. Ni madhabahu ya marmari nyeupe ndani ya jengo la vioo lililofunguliwa mwaka 2006, kando ya mto Tiber. Ukutani familia nzima ya Kaisari inaandamana, wakubwa kwa watoto, kuna katoto kanavuta joho la mtu mzima. Jambo ambalo hatukuambiwa na ningelipa hela kuambiwa ni kwamba madhabahu hii ilizinduliwa 30 Januari mwaka 9 KK, siku ya kuzaliwa Livia. Siku ya amani ya dola nzima ikawekwa kwenye bethdei ya mke. Na mwaka huo huo Drusus, yule wa miezi mitatu, akafia Germania. Wakampa mama yake sanamu kumfariji, na zile haki walizokuwa wanapewa wanawake wenye watoto watatu, yeye aliyezaa wawili na mmoja ndio huyo anazikwa. Wifi ana saluni Tanga kwahiyo yeye alikuwa anatazama vichwa tu, akanionyesha kwenye simu sanamu za Livia za ujanani, ule mtindo wa nywele za mbele kukunjwa juu ya paji la uso kama kifundo halafu nyuma zikabanwa, akasema huu unashika siku nzima na haudai dhahabu, mteja anayechagua mtindo huu anajua anachofanya.

Mvinyo. Wametusimamisha kwenye kibaraza, vikombe vya plastiki, prosecco ile mvinyo ya povu ya Italia, tukaambiwa huu ndio mvinyo uliomfikisha Livia miaka 86. Ukweli ulioko nyuma ni kwamba Plinius, mwandishi wa Kirumi wa zamani, anasema Livia alikuwa anashukuru mvinyo wa Pucinum kwa maisha yake marefu na hakunywa mwingine, mvinyo wa kilima cha mawe karibu na bahari ya Adria, upande wa Trieste, uliokuwa unatoka mitungi michache tu. Wenye prosecco wamejishikiza hapo, biashara ni biashara. Mimi na wifi hatunywi, tukaomba maji, maji yakawa ni ya kulipia. Yuro 89 halafu maji ya kulipia.

Tufike Palazzo Massimo sasa, ndio sababu nimekaa kuandika. Iko hatua chache kutoka stesheni ya Termini, jengo ambalo nimelipita mara nyingi na mabegi nikidhani ni ofisi. Panda ghorofa ya pili. Kuna chumba wamekijenga humo kwa vipimo vya chumba cha Livia kilichokuwa kwenye nyumba yake ya shamba huko Prima Porta, nje ya Roma kaskazini, chumba cha nusu chini ya ardhi cha kukimbilia joto la kiangazi. Kuta zote nne ni bustani. Zilikutwa mwaka 1863, zikabanduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 zisiharibike, na sasa unaingia unasimama katikati na bustani inakuzunguka yote bila kona ya kukwepa.

Usiangalie kwa pamoja, sogea. Chini kuna uzio mfupi wa kusukwa, halafu njia nyembamba ya nyasi, halafu ukuta mdogo wa mawe, nyuma yake ndio msitu. Kwenye ukuta mdogo kuna kizimba cha ndege, ndege yumo ndani, na hewani juu yake wenzake wako huru. Mikwinsi, ile yenye matunda kama mapera, mikomamanga na makomamanga yamepasuka, milorelo ile miti ya majani ya mataji, mihadasi, waridi, maua ya mpopi, vyote vimechanua na kuzaa kwa wakati mmoja, la masika na la kiangazi na la vuli pamoja, jambo ambalo shambani haliwezekani. Majani mengine yamepinda kana kwamba upepo umepita sasa hivi. Rangi ya mbali ni buluu iliyoingia kijani, ukikaa dakika kadhaa unaona miti ya nyuma kabisa ilichorwa kwa kivuli tu. Na hakuna mtu. Bustani nzima ya kuta nne hakuna hata mtumwa mmoja mwenye jembe. Mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa anatazamwa alijiwekea chumba ambacho hakuna macho ila ya ndege.

Hapo tumepewa dakika 20 maana basi lilikuwa linangoja. Mimi na wifi tukawaambia nendeni, sisi tutabaki. Wifi akakaa kwenye benchi akavua viatu kabisa.

Shamba hilo lina kisa chake, kwamba Livia baada ya kuchumbiwa alikuwa amekaa, tai akamdondoshea mapajani kuku mweupe mzima mwenye kijitawi cha mlorelo mdomoni. Wakafuga kuku, wakapanda tawi, kuku wakazaana na mlorelo ukawa msitu, ndio wakawa wanakata humo majani ya mataji ya Makaisari wanapoingia mjini na ushindi, na wakasema mwaka wa mwisho wa Nero miti yote ikakauka na kuku wote wakafa. Amini usiamini, ila angalia nani anashika shamba linalotoa mataji.

Na mashamba yalikuwa mengi. Hapa ndio hasira yangu na ziara inaporudi, biashara zake hawakuzigusa kabisa. Tangu mwaka 35 KK alipewa haki ya kuendesha mali zake bila mwangalizi wa kiume, jambo kubwa kwa mwanamke wa Roma. Alikuwa na ardhi Misri, alikuwa na machimbo ya shaba Gaul, Ufaransa ya leo, mpaka shaba hiyo ikaitwa kwa jina lake, na Salome dada yake Herode, Herode huyo huyo mnayemjua, alimrithisha mji wa Yamnia na mashamba ya mitende. Alikuwa anawalipia mahari mabinti wa watu na kulea watoto wao, anasaidia waliounguliwa na nyumba, na wote hao wakawa wanamdai shukrani, au tuseme yeye ndiye anawadai. Augustus alipokuwa na jambo zito la kuongea naye aliandika kwanza kwenye karatasi ndio akaenda kusoma, mume anaingia kwa mkewe na ajenda.

Mwaka 1726 kando ya barabara ya Appia likafukuliwa kaburi la watumishi wake, mamia ya watu, vijiwe vidogo vina jina na kazi. Mpimaji wa sufu kwa wanaosokota, mvalishaji viatu, mpangaji wa lulu, msusi, wa kumkanda mafuta. Watumwa na walioachwa huru. Mtu wa pwani kama mimi orodha ya namna hiyo haisomi huku anakunywa chai, na simsafishi bibi kwa hilo, alikuwa na watu kama alivyokuwa na mashamba. Lakini angalau wale wana majina na kazi zao zimeandikwa. Ningependa ziara inayoanzia kwao.

Mwisho wake tumeusikia nje ya kaburi la Augustus, lile duara kubwa karibu na Ara Pacis, hapa dada aliongea vizuri kweli. Mwana na mama walichokana. Baraza la Seneti lilitaka kumpa mama cheo cha mama wa taifa, Tiberius akakataa, mwaka 26 BK akahama Roma na baadaye akatulia kisiwani Capri. Mama alipofariki mwaka 29 wakamngoja mtoto aje kuzika, hakuja, walingoja mpaka mwili hausubiriki tena. Hotuba ya mazishi akasoma kitukuu wake Caligula, kijana wa miaka 17 hivi, huyo huyo aliyekuwa anamwita bibi Odysseus aliyevaa gauni, yule shujaa mjanja wa hadithi za Kigiriki, kwa ujanja wake. Wosia Tiberius hakuutekeleza na uungu akaukataa. Ikabidi asubiri mpaka mwaka 42 BK, mjukuu wake Claudius ndio akamtangaza mungu. Claudius yule kigugumizi na mchechemeaji, ambaye bibi akiwa hai alikuwa hataki hata kuzungumza naye.

Kwa anayetaka kwenda mwenyewe, na nakushauri uende mwenyewe. Palazzo Massimo inafungwa Jumatatu, usije siku hiyo, na Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure ila utakutana na foleni. Nenda asubuhi, panda moja kwa moja ghorofa ya pili kabla vikundi havijafika, sanamu ya Augustus mwenye kichwa kilichofunikwa iko chini utaiona ukishuka. Palatino kata SUPER na kabla hujalipa ulizia nyumba ya Livia iko wazi siku hiyo au la, maana wanafunga na kufungua. Ara Pacis ina tiketi yake peke yake. Prima Porta unapanda treni ya Roma Nord pale Piazzale Flaminio unashuka kituo cha Prima Porta, halafu mguu kidogo kupanda kilima. Picha za bustani hazipo tena kule, na ile sanamu maarufu ya Augustus iliyofukuliwa hapo mwaka 1863 iko Vatikani, utakayokuta ni mabaki ya vyumba, sakafu za mosaiki nyeusi na nyeupe na milorelo waliyoipanda upya. Haifunguliwi kila siku, hakikisha kwanza usije ukapanda kilima bure. Gharama ya yote hayo haifiki yuro 89, na maji beba ya kwako.